Kuhami ni Kulinda: Utangulizi wa Elimu ya Joto katika Banda la Kuku

Ukitaka kuionja elimu hii kabla ya kuisoma, ingia kwenye banda la vifaranga saa kumi alfajiri, mwezi wa Julai, mjini Njombe. Mji ule uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto la nje hushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Niliwahi kuingia banda la namna hiyo nikiongozana na mwenye mali, mama mmoja aliyekuwa na vifaranga 300 wa siku nne. Kuta zilikuwa za tofali za kuchoma. Madirisha ya wavu yalikuwa yamefunikwa kwa viroba vya chakula vilivyoshonwa pamoja. Juu palikuwa na bati tupu, bila dari. Majiko mawili ya mkaa yalikuwa yakiwaka katikati, na vifaranga wamerundikana kulizunguka mojawapo, wa juu wakiwakanyaga wa chini. Mama akaingiza mkono chini ya rundo, akatoa wanne waliokwisha kufa.

"Mwalimu, mkaa nimeongeza tangu saa sita," akasema. "Sasa hili joto linakwenda wapi?"

Sijamjibu bado, tone la maji likanidondokea shingoni. Mvua haikuwepo. Maji yalikuwa yanatoka upande wa ndani wa bati.

Swali la mama yule ndilo swali la taaluma nzima ninayokukaribisha: joto linakwenda wapi? Lile tone la maji lilikuwa nusu ya jibu, nami nitalirudia. Lakini kwanza tuangalie neno lenyewe. Wanafizikia wa Kiswahili, walipotafuta jina la kitu kinachozuia joto au umeme usipite, walichagua "kihami", kutokana na kitenzi "hami", yaani kulinda, kutetea, kukinga na madhara. Walichagua vizuri. Anayehami banda anazuia joto lisitoroke na papo hapo anawalinda waliomo. Hesabu ya mkaa na afya ya kuku zimo ndani ya kitenzi kimoja, na ningependa msomaji asizitenganishe hadi mwisho.

Elimu yenyewe ni kongwe kuliko bati. Wamisri wa kale walitotolesha mayai kwenye matanuri ya udongo bila kuku kuyaatamia. Diodorus wa Sicily aliiandika habari hiyo katika karne ya 1 kabla ya Kristo, na mwaka 1749 mwanasayansi Mfaransa Réaumur akachapisha kitabu kuhusu utotoleshaji huo. Matanuri yale yalikuwa na kuta nene za tofali za udongo, na moto wake ulikuwa wa samadi kavu na mabua. Réaumur ni yule yule aliyebuni aina ya kipimajoto iliyochukua jina lake. Mafundi wa Misri hawakuwa na kipimajoto. Waliligusisha yai kwenye kope la jicho, wakajua kama joto limetosha. Walichokuwa nacho ni ukuta usioliachia joto ovyo na ngozi iliyozoea kupima.

Hatua ya pili ilipigwa Marekani. Mwaka 1923, huko Ocean View katika jimbo la Delaware, Cecile Steele aliagiza vifaranga 50, kwa makosa akaletewa 500. Hakuwarudisha. Aliwalea akawauza kwa nyama, na wengi huhesabu siku hiyo kuwa mwanzo wa biashara ya kuku wa nyama kama tuijuavyo leo. Kwetu sisi wa taaluma hii, hadithi hiyo ina jambo moja kubwa: kuku mmoja wa kienyeji huweza kuwafunika watoto wake kumi kwa mbawa, lakini hakuna mbawa za kufunika 500. Tangu hapo paa la banda likalazimika kufanya kazi ya mama. Mabanda marefu ya Georgia na Alabama, yaliyokuwa na mapazia pembeni, yamekuwa yakibadilishwa kuwa ya kuta kamili na dari zilizohamiwa, kwa sababu wafugaji walichoka kulipia gesi ya kupasha joto uwanja wa nje.

Sasa tumtazame mwenyewe tunayemjengea. Mwili wa kuku mkubwa una joto la nyuzi 41 hivi, juu kuliko wetu. Hana tezi za jasho. Akizidiwa na joto huachama mdomo na kuhema, ili maji yavukize kwenye njia yake ya hewa na kumpoza. Kuhema huko kuna gharama: hupoteza kabonidayoksaidi nyingi, kemia ya damu yake huyumba, na anayetaga huanza kutoa mayai yenye maganda mepesi. Kuku aliyekomaa hustarehe kati ya nyuzi 18 na 24. Kifaranga wa siku moja anataka nyuzi 32 hadi 35, kwa sababu manyoya yake ni malaika tu na mwili wake haujajifunza kujipasha. Kadiri anavyokua hupunguziwa nyuzi 3 hivi kila wiki, mpaka afike joto la kawaida.

Kuku pia ni jiko. Kuku wa nyama wa kilo 2 hutoa joto linalozidi wati 10. Kuku 1,000 wa aina hiyo wanatoa zaidi ya kilowati 10, sawa na pasi kumi za umeme zilizowashwa usiku kucha. Na joto hilo tumeshalilipia: limenunuliwa dukani ndani ya mfuko wa chakula. Kuku anayetetemeka anakula pumba ili ajipashe, haziendi kwenye nyama wala kwenye yai. Ndiyo maana nasema banda lisilohamiwa hulipiwa mara mbili, mara ya kwanza kwa mkaa na mara ya pili kwa chakula.

Joto hutoroka kwa njia tatu tulizofundishwa shuleni. Kwa mpitisho, hupenya ndani ya kitu kigumu, kama mpini wa kijiko kilichosahauliwa kwenye sufuria. Kwa myuko, hubebwa na hewa au maji yanayosogea. Hewa ya moto hupanda, ya baridi hushuka. Kwa mnururisho, huruka bila kubebwa na chochote, kama jua linavyotufikia na kama uso unavyoungua ukikaa mbele ya moto hata upepo ukivuma kutoka nyuma. Banda la Njombe lilikuwa linavuja kwa njia zote tatu. Hewa ya moto ya majiko ilipanda juu, ikakutana na bati, bati likaipitisha baridi ya nje, na bati hilo hilo likaunururisha ubaridi wake hadi migongoni mwa vifaranga. Au tuseme kwa usahihi, vifaranga wakanururisha joto lao kwenda kwenye bati lisilorudisha kitu.

Kukinga mpitisho kuna siri moja, nayo ni hewa iliyofungwa. Hewa iliyotulia hupitisha joto kidogo mno. Tofali la kuchoma hulipitisha zaidi ya mara 20 ya hewa hiyo. Chuma, zaidi ya mara 1,000. Vihami karibu vyote tunavyovijua, kuanzia sufu na povu la plastiki hadi pumba za mpunga na makuti, ni mbinu za kuifunga hewa katika vijumba vidogo isiweze kutembea. Kuku anaijua kanuni hii bila kufundishwa. Mtazame asubuhi ya baridi: anajitutumua, manyoya yanasimama, anaonekana mnene kupita kawaida yake. Ameongeza unene wa hewa anayoivaa.

Tufanye hesabu moja, maana taaluma hii bila hesabu ni porojo. Chukua banda la mita 4 kwa 6. Paa lake, tukilihesabu kama bapa, lina mita za mraba 24. Ndani tunataka nyuzi 32, nje ni nyuzi 10, tofauti ni 22. Bati tupu huruhusu takribani wati 6 kupita kwenye kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Bati lenyewe halizuii chochote. Kizuizi kidogo kilichopo ni utando mwembamba wa hewa unaoshikamana nalo juu na chini. Zidisha: 24 mara 22 mara 6, unapata wati 3,168. Sasa piga dari chini ya kenchi, juu yake tandaza sentimita 10 za pumba za mpunga zilizokauka. Wati 6 zinashuka hadi 0.45 hivi. Zidisha tena: wati 238. Kwa usiku wa saa 12, tofauti hiyo ni kati ya zaidi ya kilo 4 za mkaa na theluthi moja ya kilo, kwa ajili ya paa peke yake. Mkaa aliokuwa akiuongeza mama yule tangu saa sita ulikuwa unaipasha moto anga ya Njombe.

Msomaji makini atauliza: kwa nini paa na si ukuta? Kwa sababu hewa ya moto hupanda, na kwa sababu bati ni jembamba kuliko kitu chochote kingine kwenye jengo. Ukiwa na fedha ya kuhami upande mmoja tu, anza na juu. Na kabla hata ya juu, punguza eneo. Vifaranga 300 wa siku nne hawahitaji banda zima. Wazungushie mduara, ning'iniza turubai kushusha dari juu yao, na panua kadiri wanavyokua. Hewa usiyokuwa nayo huhitaji kuipasha.

Kuhusu vifaa, nchi zetu zimejaliwa. Pumba za mpunga hurundikwa nje ya mashine za kukobolea huko Kyela, Mbarali na Mwea, mara nyingi zikichomwa moto ili kupata nafasi. Zina silika nyingi, kwa hiyo haziozi upesi wala hazishiki moto kwa haraka kama majani makavu. Maranda na mabanzi hupatikana kwenye mashine za mbao za Mafinga, karibu na msitu wa Sao Hill. Povu la plastiki linalouzwa kwa mabapa huhami vizuri zaidi kwa unene ule ule, ila lina maadui wawili: mbawakawa weusi wanaozaliana kwenye matandiko, ambao hulitoboa na kujenga humo, na moto, kwani likiungua hutoa moshi wenye sumu. Kila kihami kiulizwe maswali matano: kinafunga hewa kiasi gani, kikilowa kinakuwaje, kikishika moto kinakuwaje, panya na wadudu wanakipenda kiasi gani, na kinaweza kuoshwa au kubadilishwa baada ya kuku kutoka. Swali la bei linakuja la sita.

Hapo kwenye kulowa ndipo tunaporudi kwenye tone la maji. Vifaranga wanapumua, matandiko yanavukiza, na hewa ya moto hubeba mvuke mwingi kuliko ya baridi. Mvuke huo ukigusa bati la nyuzi 10 unageuka umande, kama kwenye chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Umande unadondoka kwenye maranda, maranda yanalowa, kinyesi kinaanza kuchacha, na amonia inapanda puani mwa kuku na machoni mwa mfugaji. Dari iliyohamiwa hubaki na joto karibu na la ndani, umande haupati pa kushika. Lakini mvuke huo huo ukipenya hadi ndani ya kihami, hukiharibu, kwa kuwa maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 ya hewa iliyotulia. Pumba mbichi ni mzigo juu ya dari. Kwa hiyo karatasi ya nailoni huwekwa upande wa joto, chini ya pumba, ili mvuke usipande. Fundi anayeiweka juu ya pumba anaufungia unyevu ndani.

Sasa lije onyo kubwa kuliko yote. Methali inasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye banda la kuku methali hiyo ni kweli nusu. Ufa ulio usawa wa kifaranga uzibwe, kwa kuwa upepo unaopita chini humwondolea joto kabla halijatulia. Lakini banda lililozibwa kote ni kaburi. Jiko la mkaa hutoa kabonimonoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua vifaranga na binadamu anayewalinda usiku. Jiko la mkaa halikai ndani ya banda lisilo na tundu la juu, na mlinzi halali humo. Hewa iliyochoka hutolewa juu, karibu na kofia ya paa. Hewa safi huingizwa juu ya kichwa cha kuku, ichanganyike na ya moto kabla ya kushuka. Mtazame mama kuku wa kienyeji aliyelalia watoto wake: mwili wa kifaranga uko chini ya mbawa, kichwa kinachungulia nje. Joto limelindwa, pumzi haikufungwa. Sijaona mchoro wa kihandisi unaoeleza jambo hilo vizuri kuliko kuku yule. Kuhami si kuziba, na mabanda mengi niliyoyaona yakiua kuku yaliua kwa kuchanganya maneno hayo mawili.

Msomaji wa Tanga, Mombasa au Dar es Salaam huenda anajiuliza haya ya Njombe yanamhusu nini, yeye ambaye usiku wake hauna baridi kali. Yanamhusu kuliko anavyodhani. Simama chini ya bati tupu saa nane mchana mwezi wa Februari, uinue kiganja bila kuligusa. Joto unalolisikia kiganjani ndilo linalowashukia kuku wa wiki tano waliokaribia kuuzwa. Jua la utosini hutua na karibu wati 1,000 kwenye kila mita ya mraba, na bati lililochakaa huweza kupita nyuzi 60. Dari ile ile iliyomzuilia mtu wa Njombe joto lisitoke, humzuilia mtu wa pwani joto lisiingie. Kihami hakijui ndani wala nje. Mwongezee huyo wa pwani mambo matatu: chokaa nyeupe juu ya bati ili lirudishe jua, banda lililolazwa mashariki kwa magharibi ili jua la asubuhi na la alasiri lisichome ubavu wake mrefu, na kuta za wavu zilizo wazi kwa upepo wa bahari. Wazee wa pwani walioezeka makuti manene hawakuwa wamekosa bati tu, walilala baridi. Makuti yana kasoro zake, panya, utitiri na moto, lakini kanuni iliyomo ndani yake ndiyo tunayoitafuta leo kwa bei ghali.

Mgeni wa taaluma asichanganye pia kuhami na kutunza joto. Tembe la Wagogo kule Dodoma, lenye kuta na paa la udongo mnene, halihami sana; udongo hupitisha joto. Kazi yake ni kulimeza joto la mchana polepole na kulitoa usiku. Mahali penye mchana mkali na usiku wa baridi hilo ni jambo la thamani. Pwani, ambako usiku ni joto pia, ukuta mnene hauna muda wa kupoa. Jengo jema huzaliwa na mahali pake, na anayenakili banda la Georgia akalipanda Kigamboni bila kubadilisha kitu amenunua matatizo ya watu wengine.

Je, mtu huingiaje kwenye elimu hii? Wapo watakaopitia mlango wa fizikia, wengine wa uganga wa mifugo, wengine wa useremala, na wengi kupitia hasara. Milango yote inafika sebuleni. Kwa kuanzia, nashauri vifaa viwili: kipimajoto cha bei ndogo kinachoning'inizwa usawa wa mgongo wa kifaranga, si usawa wa macho yako, na daftari. Andika joto saa kumi alfajiri na saa nane mchana, andika kilo za mkaa, andika idadi ya waliokufa. Kisha wasome vifaranga wenyewe, maana ni kipimajoto kisichokosea. Wakirundikana chini ya chanzo cha joto, wanasikia baridi. Wakijibana kwenye kingo za mduara wakihema, wameungua. Wakisongamana upande mmoja, kuna upepo unaopenya upande wa pili. Wakitawanyika sawasawa, wengine wakila, wengine wamelala wamejinyoosha, banda lako linafanya kazi ya mama.

Basi karibu. Nina ombi moja tu kwa msomaji anayefuga. Kabla hujanunua gunia lingine la mkaa, amka alfajiri moja, ingia bandani bila kugusa jiko, uangalie juu. Ukikuta bati linatoka jasho wakati vifaranga wanatetemeka, gunia hilo usilinunue bado. Nenda mashineni kaombe pumba.